Karatasi Katika Nyufa

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Nyasubi alileta mtambo wa kuchimba kisima. Ulinguruma siku nzima nyuma ya ukuta wetu, na mimi niliyekuwa nimekaa kuandika nikashindwa kuandika. Kelele ningezivumilia. Kilichonishinda ni harufu. Mwamba uliovunjwa muda huohuo, ukalowa maji, una harufu yake: ni kama kisu kilichotoka kunolewa, kama mvua iliyo karibu lakini bado haijaamua. Nilifunga daftari, nikatoka nje, nikasimama karibu na lile tope la kijivu nikivuta pumzi, hadi fundi wa mtambo akaniuliza, "Dada, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimepata.

Hiyo ndiyo harufu aliyokuja nayo baba nyumbani kila jioni. Ilikaa kwenye nywele zake hata baada ya kuoga, na mimi, niliyekuwa na miaka tisa au kumi, nilidhani wanaume wote duniani hunuka hivyo wakitoka kazini. Tuliishi nje kidogo ya Kharumwa, mahali ambapo upande mmoja wa njia kuna shamba la pamba na upande wa pili kuna watu wanaotoka ardhini wakiwa weupe kwa vumbi.

Baba hakuwa anachimba. Alikuwa fundi wa matimba, yaani zile nguzo na mabanzi ya miti yanayopangwa ndani ya duara, ambalo ndilo shimo la mgodi, ili ardhi isiwafunike waliomo. Wengine walishuka kutafuta dhahabu. Yeye alishuka kuizuia dunia isianguke. Nilisema hivyo siku moja shuleni, mwalimu alipotuuliza kazi za wazazi wetu, darasa likacheka. Sikuona kichekesho. Mpaka leo sikioni.

Mwanamke hakuruhusiwa kukaribia mdomo wa duara, wala mtoto wa kike, kwa hiyo duara nililijua kwa maneno ya baba tu. Alinieleza kila kitu kana kwamba kesho nitashuka. Alinieleza jinsi anavyoweka sikio kwenye mwamba na kuugonga kwa kifundo cha kidole, na jinsi mwamba mzima unavyojibu kwa sauti kavu na mwamba mgonjwa unavyojibu kama ngoma iliyolowa. Na alinieleza habari ya karatasi.

Kila nilipomaliza daftari, baba alilichukua. Alichana kurasa, akazikunja mara nne, akazitia mfukoni mwa shati. Huko chini, kila alipoona ufa mpya, alichomeka karatasi moja ndani yake, ikabanwa sawasawa, akaiacha. Kesho yake alfajiri, kabla mtu yeyote hajashuka, alishuka yeye peke yake na tochi ya kichwani kuzikagua. Karatasi ikiwa pale alipoiweka, watu walishuka. Ikiwa imedondoka, ufa ulikuwa umepanuka, na hakuna wa kushuka.

Nyumba yetu ilikuwa na ufa juu ya dirisha la sebuleni, na humo baba aliniwekea karatasi yangu mwenyewe ili nijifunze. Kila asubuhi kabla ya shule niliinua uso kuitazama.

"Baba, mwamba ukitaka kuanguka unasemaje?"

"Hausemi, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita akiwa na furaha. "Mtu akihama anaaga majirani. Mwamba hauagi. Ndiyo maana nauwekea mlinzi."

Siku moja walinzi watatu walidondoka kwa mpigo. Baba alipanda juu, akaketi kwenye njia ya kuingilia, hatua kadhaa kutoka mdomo wa duara, akakunja mikono na kusema leo hashuki mtu. Mwenye duara alimtukana matusi ambayo mama alikataa kuyarudia mbele yangu. Vijana walikereka, kwa sababu walikuwa wamebakiza kidogo wafikie mwamba wenye mali. "Mzee anaogopa karatasi!" walisema. "Kesho ataogopa kalamu!" Baba hakuinuka. Jua lilipofika utosini, ardhi ilipiga kishindo kimoja kizito, vumbi likatoka kwenye lile duara kama pumzi ya ng'ombe, na lilipotulia palikuwa na bonde pale palipokuwa na shimo. Ndani hapakuwa na mtu. Wale waliocheka walikaa chini mmoja mmoja, kama watu waliokatwa miguu.

Kurasa zile tatu zilikuwa hesabu zangu za kuzidisha. Nilizikumbuka vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimezikosa zote. Nikaamua kwamba hesabu za kukosa zina nguvu kuliko za kupata, na kwa muhula mzima nilikosa kwa makusudi, nikijaza madaftari kwa bidii ili wanaume wa duara wawe salama. Mwalimu wa hesabu alimwita mama shuleni. Mama alirudi akaniuliza nina tatizo gani, nami nikamwonea huruma kwamba yeye haelewi mambo ya migodi.

Ungetegemea watu wamshukuru baba. Walimshukuru, lakini shukrani yao ilikuwa na woga ndani. Wiki ile ile likaanza neno: Baba Minza ana dawa. Minza ndiye mimi. Anaweka vitu kwenye mwamba, walisema, vitu vilivyokunjwa vyenye maandishi, na mwamba unamtii. Watu kutoka machimbo ya mbali walikuja nyumbani kuomba karatasi moja tu, hata ndogo. Baba aliwaonyesha daftari la mtoto, wakakonyezana. Aliwafukuza, wakasema kwamba hilo ndilo la waganga wakubwa, hawakubali kirahisi. Neno likatembea njiani pamoja na baiskeli za mkaa hadi likaingia kanisani.

Kigango chetu kilikuwa na katekista aliyeitwa Mwalimu Bonifasi, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alitembea kwa miguu vijiji vinne kila wiki kufundisha dini, na alikuwa ameshuhudia familia zikifilisika na kuchukiana kwa ajili ya waganga wa machimboni. Aliposikia karatasi zilizokunjwa ndani ya mwamba, hakuhitaji kusikia zaidi.

Mwaka ule mama alimzaa mdogo wangu Masalu, mtoto wa kiume aliyesubiriwa kwa muda mrefu na kwa machozi mengi. Jina lake likapelekwa kwa ajili ya ubatizo. Jumapili iliyofuata, mwisho wa ibada, Mwalimu Bonifasi alisimama kutoa matangazo. Akatangaza jumuiya, akatangaza usafi wa kanisa, kisha akasema yuko mzazi mmoja anayeweka hirizi mashimoni. Mzazi huyo asimame hapa mbele, akiri, azichome moto mbele ya waamini wote. La sivyo, mtoto wake atabatizwa bila baba.

Hakutaja jina. Haikuhitajika. Benchi zima la kina mama liligeuka kumtazama mama yangu, na mama akamtazama Masalu aliyekuwa ananyonya, kana kwamba mtoto ndiye aliyetajwa.

Nyumbani baba alisikiliza habari ile akiwa anavua viatu.

"Baba Minza, sema tu," mama alimwomba. "Maneno mawili, yaishe."

"Maneno gani?"

"Kwamba umeacha."

"Nimeacha nini?"

Mama alimhamishia Masalu bega la pili.

"Nikisema nimeacha hirizi, nimekubali nilikuwa nazo," baba alisema. "Huyu mtoto atakua. Ataambiwa baba yako alikuwa mchawi, na atakapouliza nani alishuhudia, ataambiwa baba yako mwenyewe."

"Kwa hiyo abatizwe kama yatima?"

"Nitasimama pale mbele na jina langu, au sitasimama."

Mama aliingia ndani, nikamsikia akipangua vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye kalenda. Padre wa parokia yetu alikuwa amekwenda hija Nchi Takatifu, akarudi na picha alizopiga mwenyewe, na picha hizo zikachapishwa kuwa kalenda. Kila familia ya kigango ilipata moja. Yetu mama aliitundika sebuleni, karibu na lile dirisha la ufa, akatukataza kuigusa. Nilisubiri aende kisimani, ndipo nikapanda kwenye kigoda na kufunua miezi yote.

Sijui wenzangu mnaosoma haya mliiwaza vipi Nchi Takatifu mlipokuwa watoto. Labda mliona mitende na kondoo. Mimi niliona machimbo. Mwezi wa kwanza ulikuwa Bethlehemu: ngazi za mawe zinateremka chini ya kanisa hadi kwenye pango lenye taa, na watu wameinama. Mwezi wa pili ulikuwa Hebroni, jengo kubwa la mawe, na maandishi ya chini yalisema pango walimozikwa Ibrahimu na Sara limo humo chini. Mwezi wa nne ulikuwa kaburi la Lazaro huko Bethania, mlango mwembamba gizani, na mgongo wa hujaji mmoja anayeshuka kinyumenyume kwa kushika ukuta, sawasawa na baba alivyonionyesha namna ya kushuka. Mwezi wa sita ulikuwa njia ya maji iliyochongwa ndani ya mwamba chini ya Yerusalemu, ikileta maji kwenye bwawa la Siloamu, na Padre mwenyewe yumo ndani yake, suruali imekunjwa, maji magotini, tochi kichwani. Tochi kichwani! Nilikaribia kuanguka kwenye kigoda.

Kila kitu kilinyooka. Yesu alizaliwa kwenye duara. Alimtoa rafiki yake kwenye duara. Alizikwa kwenye duara akatoka mwenyewe bila kuvutwa kwa kamba. Nilijiuliza kwa nini watu walituita wa mashimoni kwa dharau wakati Mungu, alipotaka kushuka duniani, alishuka kweli, mpaka chini.

"Mama, huko Bethlehemu matimba wanatumia mti gani?"

"Kula ugali wako, Minza."

Lakini picha iliyoninyang'anya usingizi ilikuwa ya mwezi wa tisa. Ukuta mrefu wa mawe makubwa ya rangi ya asali, na wanaume wenye kofia na makoti meusi wamesimama karibu nao, uso kwa mwamba. Mmoja ameegemeza paji la uso. Mwingine ameweka kiganja na sikio. Na katika nyufa kati ya mawe, juu, chini, kila mahali, zimechomekwa karatasi. Karatasi ndogo zilizokunjwa, nyeupe, mamia kwa mamia.

Nilizielewa mara moja. Walikuwa mafundi wa matimba. Walikuwa wanausikiliza mwamba, na walikuwa wameuwekea walinzi.

Jumamosi baada ya lile tangazo, kwenye mafundisho, Mwalimu Bonifasi alituletea kalenda ileile. Alifunua hadi mwezi wa tisa, akaiinua juu.

"Huu ni ukuta wa Yerusalemu, mahali patakatifu sana pa Wayahudi. Nani anaweza kuniambia hawa watu wanafanya nini?"

Niliinua mkono kabla hajamaliza.

"Wanaangalia kama ukuta unahama."

Darasa lilicheka mpaka mtoto mmoja akadondoka kwenye benchi. "Minza wa shimoni!" waliimba nyuma. "Ukuta una miguu!"

"Kimya," Mwalimu Bonifasi alisema, ingawa yeye pia alikuwa ameuma mdomo. "Minza, hawa wanasali. Ukuta huu ndio uliobaki kwenye eneo la hekalu la kale. Wanaandika maombi yao kwenye karatasi, wanayaweka kwenye mawe mbele ya Mungu."

"Karatasi zao ni maombi?"

"Ni maombi."

"Na za baba yangu?"

Kicheko kilikatika. Alishusha kalenda.

"Za baba yako ni jambo jingine."

"Zimeandikwa hesabu zangu, Mwalimu. Za kuzidisha."

Alitufundisha amri kumi kwa muda uliobaki, na aliponitazama alinitazama kama mtu aliyesahau kufunga mlango nyumbani kwake.

Nilirudi njia nzima nikilia, si kwa sababu ya kuchekwa. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimempotezea baba wenzake. Wiki nzima nilikuwa nimeamini kwamba mbali sana, kwenye mji mtakatifu kuliko yote, kuna wanaume wanaofanya kazi kama yake na wanapigwa picha kwa heshima. Sasa alibaki peke yake na karatasi zake.

Nilimweleza baba yote. Alinifuta machozi kwa kiganja chenye vumbi.

"Wanaandika wanachoomba, wanachomeka?"

"Ndiyo."

"Mimi nachomeka, halafu ndiyo naomba," akasema, akaenda kuoga.

Nadhani Mwalimu Bonifasi alimsimulia Padre jibu langu kama kichekesho. Sijui. Ninachojua ni kwamba siku mbili kabla ya Jumapili ya ubatizo, alasiri, pikipiki ya parokia iliingia uwanjani kwetu na Padre akiwa mbele, Mwalimu Bonifasi nyuma amekumbatia mkoba. Mama aliangusha ungo. Baba ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, vumbi bado liko kwenye kope zake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu Padre. Karibu Mwalimu." Baba alileta kiti kimoja chenye mgongo, akampa Padre, Mwalimu Bonifasi akapata kigoda changu.

"Minza ni yupi?" Padre aliuliza.

"Shikamoo Padre."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe unajua kazi wanayofanya wale watu ukutani."

Nilitaka kuzama. "Wanasali, Padre," nikasema kwa sauti ndogo.

"Hilo nalijua, nilikuwapo. Nataka lile la kwanza."

Nikamtazama baba. Baba akanipa ishara ya kidevu. Nikasema lile la kwanza: kwamba ukuta ukihama karatasi inadondoka, na watu wanapona. Padre hakucheka. Aliinuka, akaifuata kalenda, akaifungua mwezi wa tisa, akamwita baba karibu naye.

"Baba Minza, wewe ukiutazama huu ukuta, unaona nini?"

Baba alijifuta mikono kwenye suruali kwanza. Akausogelea kama anavyosogelea mwamba, pembeni, si usoni.

"Umeshikilia kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Sikioni. Kiko nyuma. Lakini mawe haya ya chini ni makubwa mno kwa ukuta wa kuzuia wezi. Na kila mstari umerudi ndani kidogo kuliko ulio chini yake, ona hapa pembeni. Huu umeegemea. Huu umejengwa kuzuia kilima kisishuke, Padre. Ni matimba, ila ni ya mawe."

Padre alimgeukia Mwalimu Bonifasi, kisha akamgeukia tena baba. "Nyuma yake kuna kilima kilichojazwa udongo na mawe. Juu yake ndipo hekalu liliposimama. Ukuta huu ndio uliokibeba."

Niliona mabega ya baba yakipanda kidogo. Yangu yalipanda mpaka masikioni.

Padre akachukua mkoba kutoka kwa Mwalimu, akatoa bahasha ya picha ambazo hazikuingia kwenye kalenda. Zilikuwa za ile njia ya maji ya Siloamu, zilizopigwa karibu, kuta zake zikionyesha mikwaruzo mingi. Alimpa baba mbili. Baba alizipeleka kwenye mwanga wa mlango. Aliziinamisha hivi, akaziinamisha vile. Kuku walipita miguuni mwake.

"Hii kazi ni ya mkono," akasema. "Nyundo na moko." Moko ni ile patasi ya chuma ya wachimbaji. "Moko ikipigwa inaacha mkia, Padre. Mkia unaonyesha mtu alikotoka. Huyu wa picha hii alikuwa anatoka huku. Huyu wa hii nyingine…" Akazibadilisha mikono. "Hii ni njia moja kweli?"

"Ni moja."

"Basi walikuwa makundi mawili. Hawa wanatoka huku, hawa wanatoka kule. Na huyu wa kule alitumia mkono wa kushoto. Walikutana katikati."

Padre alikaa kwenye kiti taratibu. "Nani amekueleza habari hii?"

"Zimo humu kwenye picha. Kwetu ukiwa na maduara mawili jirani unasikia wenzako wanagonga. Unasimama, unasikiliza, unageuza njia kidogo, unasogea. Hapa naona wamegeuza. Walikuwa wanasikilizana."

"Walisikilizana," Padre alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Walipomaliza walichonga maandishi kwenye mwamba uleule. Yamekutwa, yamesomwa. Yanasema jinsi walivyokuwa wakichimba kila kundi upande wake, hadi ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake kupitia mwamba, wakapiga patasi kwa patasi, maji yakapita. Mfalme ndiye aliyetaka njia ile, Maandiko yanamtaja. Lakini kwenye yale maneno ya mwambani, katika mistari iliyobaki, mfalme hayumo. Wamo wachimbaji tu."

"Rudia hapo, Padre."

"Mfalme hayumo. Wamo wachimbaji tu."

Baba aliirudisha ile bahasha kwa mikono miwili.

Nimesoma mengi tangu siku ile kuhusu Yerusalemu. Najua kwamba Wayahudi wanapalilia huzuni na tumaini la karne nyingi pale ukutani, na kwamba Wakristo wanasimama foleni kugusa jiwe moja kwa sekunde chache na kulia. Najua wataalamu wanabishana kuhusu tarehe na tabaka za udongo. Sijafika, na huenda nisifike. Lakini kila ninapoona neno takatifu likiwa karibu na neno jiwe, namwona mwanaume mwenye vumbi kwenye kope, amesimama mlangoni kwetu, anawasoma wenzake waliokufa zamani kwa mikia ya patasi zao, na hakosei hata mmoja. Msomi wa kwanza niliyemjua hakumaliza darasa la tano.

Mwalimu Bonifasi alikuwa bado kwenye kigoda changu. Alikohoa.

"Padre, hayo ni kweli na ni mazuri. Lakini karatasi ni karatasi. Watu wanasema."

Baba hakukasirika. Alielekeza kidole juu ya dirisha. "Mwalimu, simama juu ya hicho kigoda ulichokalia. Ile pale. Ichomoe."

Mwalimu Bonifasi alimtazama Padre. Padre akatazama dari. Basi Mwalimu akapanda, akanyoosha vidole viwili kama mtu anayetoa jino la nyoka, akaivuta. Iligoma. Akaivuta tena ikatoka. Aliikunjua polepole, mkunjo wa kwanza, wa pili, mama ameshika mdomo, nami nikajua ni ukurasa gani.

"Saba mara nane," Mwalimu Bonifasi alisoma kwa sauti yake ya kanisani, "hamsini na nne."

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Tisa mara sita, sitini na tatu." Akageuza upande wa pili. "Amekosa hii pia. Amekosa zote!"

"Mwalimu," Padre alisema, "mganga gani anaandika saba mara nane ni hamsini na nne?"

Mama ndiye aliyeanza. Alicheka kicheko kilichokuwa kimefungiwa kwa wiki mbili, Masalu akashtuka akaanza kulia, na baba akacheka kwa kumwona mama anacheka. Mwalimu Bonifasi alicheka wa mwisho, akiwa bado amesimama juu ya kigoda na karatasi mkononi, na alipomaliza hakujua aifanye nini. Akaikunja mara nne. Akairudisha kwenye ufa.

"Nikusaidie nini, Baba Minza?" Padre aliuliza walipokuwa wanaaga.

"Lilisemwa kanisani," baba alijibu. "Lirudishwe kanisani. Sitaki kingine."

Padre hakumjibu yeye. Alimtazama katekista wake. Mwalimu Bonifasi alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka madirishani, maana habari za pikipiki zilikuwa zimefika kila mahali. Baba alivaa shati jeupe lililokuwa limekunjwa sandukuni tangu harusi yake, na alikaa benchi la mbele na mama kama mtu aliyekaa juu ya matimba ambayo hakuyapanga mwenyewe. Kabla ya ubatizo Mwalimu Bonifasi alisimama. Sauti yake kubwa ilikuwa imempungukia.

"Ndugu waamini. Nilisema hapa jambo kuhusu hirizi. Nimekwenda, nimeziona zile karatasi kwa macho yangu na kwa mikono yangu. Si hirizi. Ni kipimo cha fundi. Zimeokoa watoto wa watu, na wengine wao wamekaa humu ndani leo. Nilikosea." Akatafuta neno jingine, hakulipata, akakaa.

Nyuma kabisa kijana mmoja, mmoja wa wale waliowahi kucheka kwenye mdomo wa duara, alianza kupiga makofi. Wenzake wakamfuata.

Kisha baba na mama walisimama mbele, pamoja na wasimamizi, na Masalu akiwa amefungwa kanga mpya. Padre aliwauliza kama wanamkataa shetani. Wazazi wengi hujibu swali hilo kwa kunong'ona, kana kwamba shetani yuko jirani na hawataki kumuudhi. Baba yangu alijibu kwa sauti anayotumia kuwaita watu walio chini kabisa ya duara, sauti inayotakiwa kufika hadi mahali ambapo mwanga haufiki.

"Namkataa!"

Madirisha yalitikisika. Masalu aliacha kulia akamtazama. Mimi nilisimama juu ya benchi, jambo ambalo ni marufuku, ili kila mtu aone ni mtoto wa nani.

Nje, baada ya misa, watu walimzunguka baba kumpa mkono. Mwalimu Bonifasi alisubiri hadi wakapungua, akamsogelea kwa upande, akazungumza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nimeshika vidole vya baba na nilisikia kila neno.

"Baba Minza. Kule nyumbani, shimo langu la choo limeanza kupasuka ukingo. Mama watoto anaogopa kuingia. Ungeweza kuja kuliangalia leo?"

Baba alimtazama yule mtu mwembamba, akamtazama mama aliyekuwa anaonyesha mtoto kwa kina mama wa benchi lake, akainyoosha kola ya shati lake jeupe.

"Nitakuja kesho, Mwalimu," akasema. "Leo nina sherehe ya mwanangu."